Pandit Vishnu Digambar Paluskar: Mwalimu Aliyeupa Muziki Heshima



Jarida la kumbukumbu ya hekalu huwa na picha za wazee walioweka jiwe la msingi, orodha ya waliotoa michango, na taarifa ya kamati. Hayo ni ya haki yake, nasi tumeyapa nafasi yake katika kurasa nyingine. Katika kurasa hizi tumeona vema kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuishi katika Nyanda za Juu Kusini, lakini kazi yake imo katika ibada yetu. Lahani ya Raghupati Raghav Raja Ram, ambayo watoto wetu wa Mbeya na Iringa huijua kabla ya kujua kusoma, hunasibishwa naye. Mtu huyo ni Pandit Vishnu Digambar Paluskar.

Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo linawakabili wazazi wengi wa jamii yetu. Kijana akisema kwamba anataka muziki wa raga uwe ndiyo kazi yake ya maisha, ajibiwe nini? Familia zetu zilianza na duka, zikaendelea na karakana, vinu na malori, na baadaye zikatoa madaktari na wahasibu. Muziki tumeuweka mahali pake pa Navratri, harusi na arti ya jioni. Si jambo ambalo mzazi hulitegemea kumlisha mwanawe. Paluskar aliukuta mtazamo huu huu katika India ya zamani, tena ukiwa mkali zaidi. Alitumia umri wake wote kuubadili, na kazi hiyo ilimgharimu sana.

Utoto wa Kurundwad

Vishnu Digambar alizaliwa tarehe 18 Agosti 1872 katika mji wa Kurundwad, makao ya milki ndogo ya kifalme ambayo leo imo katika jimbo la Maharashtra. Baba yake, Digambar Gopal Paluskar, alikuwa mwimbaji wa kirtan, yaani mtu asimamaye mbele ya waumini akasimulia habari za Mungu na za watakatifu, mara kwa maneno, mara kwa wimbo. Kazi hiyo ilikuwa na heshima. Muziki wa raga ulikuwa na hali nyingine. Mabingwa wake waliishi kwa fadhila za wafalme na matajiri. Walipendwa usiku wa karamu, na asubuhi wakahesabiwa miongoni mwa watumishi. Familia ya adabu haikumtuma mwanawe huko kwa hiari.

Mtoto huyu alifikishwa huko na ajali. Katika sikukuu ya Datta Jayanti fataki ilimlipukia usoni, ikamdhuru macho. Uoni wake ukadhoofika, na njia ya masomo ya kawaida ikawa imefungwa. Alipelekwa Miraj, mji wa jirani, kwa matibabu. Macho hayakurudia nguvu yake ya kwanza, lakini ilionekana kwamba sikio na sauti yake vilikuwa vizima, tena vya ajabu. Mtawala wa Miraj alimchukua chini ya ulezi wake, akamkabidhi kwa mwalimu mkubwa wa mji ule, Balkrishnabuwa Ichalkaranjikar.

Miaka ya Miraj

Inafaa tueleze hapa mafunzo hayo yalikuwa ya namna gani, maana wengi wetu huusikia muziki wa raga bila kujua jinsi unavyopatikana. Raga si wimbo mmoja. Ni utaratibu wa sauti, wenye njia yake ya kupanda na ya kushuka, sauti zake za kukaliwa na za kuguswa tu, na mara nyingi saa yake ya siku. Mwimbaji hupewa njia hiyo, kisha hutembea ndani yake kwa akili yake mwenyewe, akishika mapigo ya tabla. Siku zile hapakuwa na vitabu vya kufundishia. Mwanafunzi alikaa nyumbani kwa guru, akafanya kazi za nyumba, akaamka kabla ya mapambazuko kushikilia sauti moja juu ya mlio wa tambura, na akasubiri. Guru alimpa wimbo alipopenda, na alimnyima alipopenda. Mabingwa wengi walificha nyimbo adimu hata kwa wanafunzi wao.

Balkrishnabuwa alikuwa wa nyumba ya Gwalior, mojawapo ya nyumba kongwe za uimbaji wa khayal. Mwalimu wake alikuwa Vasudevbuwa Joshi, naye Vasudevbuwa alifundishwa na Hassu Khan, Mwislamu wa Gwalior. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Hazina ambayo leo tunaiimba mbele ya sanamu za miungu yetu ilihifadhiwa kwa vizazi na mikono ya Wahindu na ya Waislamu pamoja, na sisi tuishio Tanzania pamoja na majirani wa dini zote hatuna haja ya kuelezwa maana yake.

Kijana huyo alikaa kwa mwalimu wake kiasi cha miaka 12. Inasimuliwa kwamba kuondoka kwake kulitokana na tukio dogo. Kulikuwa na shughuli ya watu wakubwa pale Miraj, naye akaalikwa kwa kuwa mtawala alimpenda. Alipouliza kwa nini guru wake hakualikwa, alijibiwa kwamba huyo ni mwimbaji tu. Mtu aliyempa kila alichokuwa nacho hakustahili kiti katika mkutano wa waungwana! Mwaka 1896 Vishnu Digambar aliaga Miraj, akaacha ulezi wa mtawala pamoja na posho yake, akatoka kutafuta njia ambayo mwanamuziki angeweza kuishi bila kuinama mlangoni pa mtu.

Safari ya Kathiawar

Njia hiyo ilimpitisha Baroda, kisha Kathiawar, nchi ya mababu wa familia nyingi za Kigujarati zilizokuja Afrika Mashariki. Huko ndiko anakotajwa kufanya jambo lililowashangaza watu wa zama zake: aliimba hadharani, nje ya baraza za wakubwa, na wasikilizaji wakalipa kiingilio. Leo jambo hilo ni la kawaida hata hatuoni uzito wake. Wakati ule lilikuwa mageuzi. Mwenye duka, karani na mwalimu wa shule, ambao hawakupata kamwe kualikwa katika jumba la mfalme, walikaa sasa wakamsikiliza bingwa kwa fedha yao ndogo. Naye mwimbaji hakuwa tena na bwana mmoja wa kumwogopa. Alikuwa na watu wengi wa kuwatumikia.

Masimulizi yasema kwamba katika mlima wa Girnar, karibu na Junagadh, alikutana na mtu mtakatifu aliyemwelekeza aende kaskazini. Alipitia Gwalior, akakaa Mathura kujifunza lugha ya Braj, ambayo ndiyo lugha ya nyimbo nyingi za raga, kisha akaendelea hadi Punjab. Hakuwa na jamaa huko, wala lugha ya watu wa huko haikuwa yake. Wazee wetu waliopanda meli Bombay wakashukia Zanzibar au Dar es Salaam, kisha wakapanda bara kufungua maduka Iringa, au wakavutwa Mbeya na dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930, wangemwelewa vema.

Shule ya Lahore

Tarehe 5 Mei 1901, mjini Lahore, alifungua shule ya muziki akaiita Gandharva Mahavidyalaya. Ilitofautiana na yote yaliyotangulia kwa kuwa ilitegemea ada na michango ya watu wa kawaida, si hazina ya mfalme. Inasimuliwa kwamba siku za mwanzo hakutokea mwanafunzi hata mmoja, na mwalimu alifungua mlango kwa saa iliyopangwa, akaketi, akaimba peke yake hadi saa ya kufunga. Polepole watu wakaja.

Katika shule ile aliweka mambo ambayo guru wa zamani asingeyakubali. Aliweka ratiba, madarasa na mitihani. Alitunga alama za kuandikia sauti na mapigo, akachapisha vitabu vya kufundishia kwa ngazi, ili mwanafunzi asitegemee kumbukumbu peke yake wala ukarimu wa siku moja wa mwalimu. Alifungua mafunzo kwa wanawake wa familia za heshima, wakati ambapo mwanamke kuimba mbele ya watu kulimharibia jina. Zaidi ya hayo aliweka kundi la wanafunzi waliofundishwa bure, wakala na kulala shuleni kwa miaka mingi, kwa ahadi kwamba wakihitimu watakuwa walimu. Hapo ndipo tunapoona mpango wake ulivyokuwa. Hakutaka kuwaacha waimbaji hodari tu nyuma yake. Alitaka walimu ambao kila mmoja angeweza kuingia mji asioujua, akafungua mlango na kuanza darasa.

Nidhamu yake ilikuwa kali. Wanafunzi waliamka alfajiri, walisali, walivaa kwa adabu. Nyimbo nyingi za kale zilikuwa na maneno ya mahaba, naye alibadilisha maneno hayo akaweka ya ibada, ili baba asione haya kumsikia bintiye akiyaimba. Wapo wanaomlaumu kwa hilo hadi leo. Wanasema kwamba aliupunguzia muziki sehemu ya utu wake, na kwamba katika shule yake mabingwa wa Kiislamu, walioulinda urithi ule, hawakupata nafasi iliyowastahili. Lawama hizo zina uzito, na si haki kumsimulia bila kuzitaja. Lakini wazazi waliokuwa wakikataa sasa walianza kukubali.

Bombay na deni

Mwaka 1908 alifungua tawi mjini Bombay, na huko ndiko kazi yake ilikostawi kuliko kote. Wanafunzi walijaa hata nyumba ya kupanga isitoshe. Akaamua kujenga. Jengo la shule likasimama katika barabara ya Sandhurst, lenye madarasa na malazi ya wanafunzi, nalo likajengwa kwa fedha za mkopo. Alitumaini kwamba maonyesho na michango ingelipa deni. Mwalimu huyo akageuka kuwa msafiri wa kudumu: leo mji huu, kesho mji ule, akiimba na kusoma Ramayana ya Tulsidas mbele ya makutano, akirudisha mapato kwa wadai. Aliimba Vande Mataram katika mikutano ya chama cha Congress, na jina lake likajulikana India nzima. Deni halikwisha.

Nyumbani pia palikuwa na huzuni. Yeye na mkewe walizika watoto wao wengi wakiwa wachanga. Aliyebaki ni mmoja, Dattatreya, aliyezaliwa mwaka 1921, baba yake akiwa karibu na miaka 50.

Katikati ya miaka ya 1920 wadai walichoka kusubiri. Jengo la Bombay likanadiwa. Shule ambayo alikuwa ameitolea ujana wake na afya yake ilipotea kwa nyundo ya dalali. Bombay hiyo hiyo ndiko alikokwenda Siti binti Saad wa Zanzibar mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri, naye alikuwa mwanamke wa asili ya utumwa aliyejipatia jina na riziki kwa sauti yake. Tunamtaja ili msomaji akumbuke kwamba suala la heshima ya mwimbaji halikuwa la India peke yake. Pwani yetu pia ililijua.

Paluskar hakujenga tena. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuelekea kwenye jina la Ram, na huko Nashik alikuwa ameanzisha ashram iliyoitwa Ram Nam Adhar. Huko aliishi na wanafunzi wachache, akiimba Ramayana na bhajan. Wengi waliomjua zamani walisikitika, wakaona kwamba bingwa wa raga amepotea. Alifariki Miraj tarehe 21 Agosti 1931, siku tatu baada ya kutimiza miaka 59, katika mji ule ule alikopelekwa utotoni kutibiwa macho. Mwanawe alikuwa na miaka 10.

Waliobaki

Mtu angaliyapima maisha haya kwa hesabu ya duka, angeandika hasara: jengo limekwenda, fedha hakuna, mrithi ni mtoto. Lakini hesabu ilikuwa mahali pengine. Mwaka ule ule wa 1931 wanafunzi wake walikutana wakaunda chama cha kuendeleza kazi yake, Gandharva Mahavidyalaya Mandal. Mwaka 1932 Vinayakrao Patwardhan alifungua shule mjini Pune, na huyo ndiye aliyemlea Dattatreya katika muziki. Mtoto huyo akawa D. V. Paluskar, mwimbaji aliyependwa mno, ambaye wazee wetu walimsikia akiimba pamoja na Amir Khan katika filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952. Alifariki mwaka 1955, akiwa na miaka 34 tu.

Omkarnath Thakur, mwana wa familia fukara ya Kigujarati kutoka Jahaj karibu na Khambhat, aliingia shule ya Bombay akiwa kijana kwa msaada wa mfadhili wa Kiparsi. Baadaye akawa mkuu wa masomo ya muziki katika Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras. Narayan Moreshwar Khare alitumwa na guru wake kwenye ashram ya Gandhi kule Sabarmati, akakusanya nyimbo za sala zilizoimbwa pale asubuhi na jioni. Mwaka 1930, Gandhi alipotembea kwa miguu hadi Dandi kwa ajili ya chumvi, Khare alikuwa miongoni mwa waliotembea naye. Narayanrao Vyas na B. R. Deodhar nao walikuwa wa shule ile. Walimu hawa wakazaa walimu, na ngazi za mitihani za Mandal, kuanzia Prarambhik hadi Visharad na Alankar, zikawa njia inayofahamika India na nje ya India. Kwa ngazi hizo mzazi aliye mbali sana na Bombay aweza kujua mwanawe amefika wapi na bado kiasi gani.

Funzo kwa Mbeya na Iringa

Tumejiuliza maisha haya yana neno gani kwa hekalu letu katika mwaka wa kumbukumbu. Jamii zetu ni ndogo. Kati ya Mbeya na Iringa ni zaidi ya kilometa 300, na mwalimu wa muziki atokaye Dar es Salaam hana budi kuupanda mlima wa Kitonga kabla hajaona mwanafunzi hata mmoja. Kwa sababu hiyo tumezoea kumwita wakati wa Navratri, tukamshukuru kwa prasad na bahasha, kisha tukamsahau hadi mwaka ujao. Tabla hukaa kabatini, na ngozi yake hulegea bila mtu kujua.

Majengo tumejaliwa, kwa jasho la wazee wa Uhindini na kwingineko, na tunawaombea dua. Paluskar naye alijenga, na jengo lake likapotea. Lililobaki ni wale vijana aliowalisha na kuwafundisha bure kwa sharti la kufundisha wengine. Kwa hiyo tunapendekeza kwa heshima kwamba katika bajeti ya hekalu, pamoja na rangi na mabati, uwepo mshahara wa mwalimu wa muziki kwa mwaka mzima, uliopangwa na kulipwa kama unavyolipwa mshahara wa mtu yeyote afanyaye kazi ya maana. Kijana akimwona mwalimu wake anaishi kwa adabu, na anapewa kiti mbele pamoja na wageni waheshimiwa, hatahitaji hotuba ya kumshawishi.

Kwa mzazi ambaye mwanawe amekwisha kusema kwamba anataka njia hii, hatuna ahadi ya utajiri. Kazi hii yataka miaka mingi kabla ya kutoa tunda, na yafaa kijana aambiwe hivyo waziwazi, aanze na ngazi ya kwanza, apimwe, na aruhusiwe kuendelea akiweza. Asizuiwe kwa sababu ya haya. Haya hiyo iliondolewa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na mtu mwenye macho dhaifu aliyekataa guru wake aitwe mwimbaji tu.